GALAKSI ZINAKUA NAMNA GANI, NA NANI ALIZIONA ZIKIKUA?



Katika saa ya masomo ya jioni, wadogo wa darasa la pili walibishana sana mpaka taa zikazimwa. Walikuwa wamefundishwa kwamba zamani galaksi zilikuwa ndogo, kiisha masi yao ikaongezeka. Mmoja akasema: «Ni bongo tu. Babu yangu hakuziona zikiwa ndogo, na babu ya babu yangu vilevile. Nani aliishi miaka miliari kumi kwa kuja kutuambia?» Wenzake wakacheka. Lakini ulizo lile si la kuchekwa. Mtu akikuambia kitu ambacho hakuna aliyekiona, uko na haki ya kumwuliza: umejua namna gani? Nimeandika karatasi hizi kwa kujibu ulizo lile, na ninaomba hata wale ambao hawapendi fizika wasome mpaka mwisho. Hesabu iko kidogo tu.

Kwanza maneno yenyewe. Galaksi ni kundi kubwa la nyota, gazi na mavumbi, vinavyoshikwa pamoja na uzito wao wenyewe. Jua letu ni nyota moja katika galaksi inayoitwa Njia ya Maziwa. Ile alama nyeupe inayokata mbingu usiku wa kiangazi, ndiyo hiyo, tunaiona toka ndani. (Kwa jambo hili tunawashinda watu wa miji mikubwa: stima ikikatika kwetu, mbingu yote inafunguka.) Na masi si ukubwa wa kuonekana kwa macho. Masi ni wingi wa kitu kilicho ndani. Mfuko wa pamba unaweza kuwa mkubwa kuliko mfuko wa chumvi, lakini chumvi inaushinda. Masi ya galaksi tunaipima kwa masi ya Jua, sawa vile sokoni wanapima unga kwa kopo.

Sasa tujibu. Hatuna lazima ya kuishi miaka miliari kumi, kwa sababu nuru inakawia njiani.

Fikirini barua. Kaka yako yuko Kinshasa, anakuandikia kwamba mke wake amezaa mtoto. Barua inapita mkono kwa mkono, inafika kisha mwaka mmoja. Unaisoma, na katika akili yako mtoto ni mchanga, kumbe kule amekwisha kusimama na kutembea. Barua haisemi uongo. Inakuambia mambo ya siku ilipoandikwa. Nuru ni vivyo hivyo. Nuru ya Jua inatufikia kisha dakika 8. Nuru ya galaksi Andromeda, jirani yetu mkubwa, inatumia miaka milioni 2 na nusu. Na ziko galaksi ambazo nuru yao ilitoka zaidi ya miaka miliari 13 iliyopita, wakati ulimwengu wote una miaka miliari 13,8. Basi anayetazama mbali anatazama zamani. Si kwa mfano, ni kwa kweli kabisa: sura anayoiona ni ya siku ile.

Njiani nuru inavutwa na kuwa nyekundu zaidi, kwa sababu ulimwengu unapanuka. Edwin Hubble alionyesha kupanuka huko katika mwaka wa 1929. Wataalamu wanapima wekundu huo, na kwa huo wanajua barua iliandikwa lini.

Katika mwezi wa 12 wa mwaka 1995, teleskopu iliyopewa jina la Hubble, inayozunguka juu ya hewa ya dunia, iligeuzwa kutazama fasi moja ndogo sana ya mbingu iliyoonekana kama tupu. Wengine walifikiri ni kupoteza wakati. Ilitazama siku 10. Katika fasi ile tupu kukatokea galaksi karibu 3 000, za karibu na za mbali, za leo na za zamani, zote katika picha moja. Zile za mbali sana hazikuwa na sura nzuri ya kuzunguka kama Andromeda. Zilikuwa vipande vidogo, vya rangi ya buluu, vingine vimegongana.

Hapo mwanafunzi mwerevu atanikatiza: «Kapita, umeona galaksi ndogo za zamani na galaksi kubwa za leo, lakini si galaksi zilezile! Umejuaje kwamba hii ilikuwa ile?»

Hilo njo ulizo gumu kuliko la kwanza, na wataalamu wenyewe liliwasumbua. Tuseme mgeni anafika kwenye shule yetu siku moja tu. Anawaona watoto wa darasa la kwanza na vijana wa darasa la mwisho. Hawezi kungoja miaka sita. Lakini akisema, «Mrefu wa darasa la kwanza njo atakuwa mrefu wa darasa la mwisho», atakosa, kwa sababu wako watoto wanaokua upesi na wengine wanaokuja kuwapita. Afanye nini? Awapange kwa namba. Katika kila darasa, amtafute yule wa kumi toka juu, kisha alinganishe yule wa kumi wa kila darasa. Si njia kamili, lakini ni njia nzuri kuliko kubahatisha.

Wataalamu wamefanya hivyo. Wanahesabu ni galaksi ngapi za namna ya Njia ya Maziwa ziko leo katika fasi ya ukubwa fulani, kiisha wanarudi nyuma kutafuta galaksi za zamani zenye wingi uleule. Katika mwaka wa 2013, kundi lililoongozwa na Pieter van Dokkum wa chuo kikuu cha Yale, kule Marekani, lilifanya kazi hii kwa galaksi zinazofanana na yetu. Walikuta kwamba karibu sehemu 90 kwa mia za masi ya nyota zao zilifanyika katika miaka miliari 11 ya mwisho. Maana yake, miaka miliari 11 iliyopita galaksi kama yetu ilikuwa na sehemu moja tu ya kumi ya nyota za leo.

Hata bila teleskopu munaweza kuona jambo hili kwa hesabu ya darasa la sita la msingi. Njia ya Maziwa ina nyota zenye masi ya Jua karibu miliari 50. Leo inatengeneza nyota mpya zenye masi ya Jua karibu 2 kila mwaka. Tuseme imefanya kazi kwa mwendo huo miaka miliari 13 bila kupumzika. Mbili mara miliari 13 ni miliari 26. Haitoshi! Ni nusu tu, tena sikutoa bado zile nyota zilizokufa na kurudisha gazi yao. Basi ni lazima zamani galaksi yetu ilifanya kazi kwa mwendo mkali kuliko leo. Na ndivyo inavyoonekana mbinguni: ukijumlisha galaksi zote, kazi ya kuzaa nyota ilikuwa na nguvu nyingi kuliko wakati wote karibu miaka miliari 10 iliyopita, kiisha ikapunguka polepole. Leo imebaki karibu sehemu moja ya kumi ya mwendo ule. Robo tu ya masi ya nyota zote ilifanyika katika nusu ya mwisho ya maisha ya ulimwengu. Sisi tumezaliwa wakati sikukuu imekwisha na watu wanakusanya viti.

Hesabu ya pili. Galaksi yetu ina gazi ya kutengeneza nyota yenye masi ya Jua karibu miliari 10. Ukigawanya kwa 2, unapata miaka miliari 5, na chakula kimekwisha. Lakini galaksi imekwisha kuishi zaidi ya mara mbili ya wakati huo na bado inazaa. Chakula kinatoka wapi?

Wale waliosoma jiografia ya ziwa Tanganyika watanielewa upesi. Maji ya Ruzizi na ya mito mingine yanaingia, mvua inanyesha, jua linakausha, na karibu na Kalemie maji yanatoka kwa mto Lukuga. Ukitazama ziwa siku moja, unasema limetulia tu. Kumbe linapokea na kutoa kila siku, na kimo chake kinapanda ao kushuka kufuatana na hesabu ya yanayoingia na yanayotoka. Galaksi ni hivyo. Gazi ya hidrojeni inaingia toka inje, toka fasi kubwa zilizo kati ya galaksi. Sehemu inageuka kuwa nyota. Nyota kubwa zinapopasuka zinatupa gazi inje, na sehemu ya gazi hiyo inarudi tena. Zamani mito ya gazi ilikuwa yenye nguvu, leo imepunguka. Ndiyo sababu moja kubwa ya kazi ya nyota kupunguka.

Njia ya pili ya kuongeza masi ni kumeza. Sipendi neno hili lakini sina lingine. Galaksi ndogo ikipita karibu na kubwa, uzito wa ile kubwa unaivuta, unaivunja, nyota zake zinatawanyika ndani ya ile kubwa. Yetu inafanya hivyo hata leo. Katika mwaka wa 1994 wataalamu watatu walivumbua galaksi ndogo upande wa nyota za Sagittarius, nyuma ya kitovu cha Njia ya Maziwa, ambayo inachanwa vipande vipande na nyota zake zinafanya mkia mrefu kuzunguka mbingu.

Tena kuna habari iliyonishangaza kuliko zote. Chombo Gaia cha nchi za Ulaya, kilichorushwa mwishoni mwa mwaka 2013, kilipima mwendo wa nyota zaidi ya miliari moja. Katika mwaka wa 2018 makundi ya wataalamu yalitazama hesabu zake wakaona nyota nyingi karibu na sisi ambazo mwendo wao si wa kuzunguka pamoja na Jua. Zinaingia kuelekea kitovu na kutoka tena, na kemia yao ni tofauti. Ni wageni. Ni mabaki ya galaksi moja iliyoingia katika yetu karibu miaka miliari 10 iliyopita, wakaipa jina Gaia-Enceladus. Yule aliyesema hakuna shahidi ajue kwamba mashahidi wako, na wako kati yetu. Ukikuta katika kijiji watu ambao lugha yao na namna yao ya kujenga nyumba ni tofauti, hauna lazima ya kuwako siku walipofika kwa kujua kwamba walitoka fasi ingine.

Lakini masi yenyewe inapimwa namna gani, wakati hakuna mizani? Kwa nyota, wanatazama wingi wa nuru na rangi yake. Nyota kubwa ni za buluu, zinawaka kwa nguvu na kufa upesi. Nyota ndogo ni nyekundu, zinadumu. Galaksi ya buluu inatoa nuru mingi kwa masi kidogo. Ile nyekundu, kinyume. Hatari ni mavumbi, kwa sababu nayo yanaifanya nuru kuwa nyekundu, na mtu anaweza kudanganyika.

Kwa masi yote pamoja, tunatumia mwendo. Hii ni fizika yetu ya darasani, basi kalamu mkononi. Jua linazunguka kitovu cha galaksi kwa mwendo wa kilometa karibu 220 kila segonde, na toka hapa mpaka kitovu ni miaka ya nuru 26 000. Kama kitu kinazunguka, masi iliyo ndani ya njia yake ni:

M = v × v × r : G

Tuweke kila kitu katika meta. v ni 220 000, basi v × v inatoa 48 400 000 000. Mwaka mmoja wa nuru ni kilometa miliari 9 460, basi r ni meta 246 ikifuatwa na sifuri 18. G munaijua: 6,67 ikigawanywa kwa 1 yenye sifuri 11. Jibu ni karibu kilo 18 zikifuatwa na sifuri 40. Masi ya Jua ni kilo 2 zenye sifuri 30. Ukigawanya unapata karibu miliari 90 za Jua.

Simameni hapa kidogo. Nilisema nyota zote za galaksi ni karibu miliari 50, na gazi karibu miliari 10. Na hesabu yetu, ambayo imehesabu tu mambo yaliyo ndani ya njia ya Jua, imetoa 90. Iko masi ambayo haitoi nuru. Tangu mwaka wa 1933 Fritz Zwicky aliona jambo hili katika kundi la galaksi linaloitwa Coma, na watu wengi hawakumjali. Katika mwaka wa 1970 bibi Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walipima mwendo wa gazi katika Andromeda wakakuta haupunguki namna walivyongojea hata mbali na kitovu. Leo tunaiita maada ya giza. Katika Njia ya Maziwa, ukiijumlisha yote, masi inafika karibu miliari elfu moja za Jua. Nyota zetu zote ni kama chumvi tu katika sufuria. Na maada ya giza ndiyo iliyokusanyika kwanza, vipande vidogo vikiungana kuwa vikubwa, na kwa uzito wake ikavuta gazi.

Kufuatana na hayo, mtu angefikiri galaksi kubwa kabisa ndizo zimemaliza kukua nyuma ya zingine zote. Kumbe si hivyo. Galaksi kubwa sana zilizaa nyota zao upesi, mwanzoni kabisa, kiisha zikaacha. Munamjua yule kijana anayeota ndevu darasa la pili na kuwashinda wote kwa kimo, na akifika darasa la tano hajaongeza hata kidole. Vivyo hivyo. Ndogo njo bado zinazaa leo. Sababu moja inayotajwa sana ni shimo jeusi kubwa katikati ya galaksi: gazi inapoanguka humo inatoa nguvu nyingi, na nguvu ile inapasha moto gazi iliyobaki na kuifukuza. Gazi ya moto haiwezi kukusanyika kuwa nyota. Shimo la galaksi M87, lile lililopigwa picha na kutangazwa mwaka wa 2019, lina masi ya Jua miliari 6 na nusu. La kwetu lina milioni 4 tu. Kisha kuacha kuzaa, galaksi kubwa hizo zinaendelea kuongezeka kidogo kidogo kwa kumeza ndogo zinazozizunguka.

Mabishano hayajaisha. Tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 2021 walirusha teleskopu James Webb, inayoona nuru nyekundu sana, ile ya mbali kabisa. Mwanzoni mwa 2023 watu wakasoma kwamba imeona galaksi kadhaa zenye nyota nyingi mno, wakati ulimwengu haukuwa na miaka miliari moja. Zilionekana kubwa kuliko gazi ya wakati ule ilivyoweza kulisha. Wengine wakaanza kusema hesabu zote za mwanzo wa ulimwengu zimeanguka. Mimi ninafikiri walikimbia mno. Walipopima upya, ilionekana kwamba katika baadhi yao sehemu ya nuru ile si ya nyota. Ni ya gazi ya moto inayoanguka katika shimo jeusi, na mtu akiihesabu kama nyota, masi inapanda bure. Hata hivyo, jambo moja limebaki: katika mwaka wa 2024 ilitangazwa galaksi JADES-GS-z14-0, iliyokuwako karibu miaka milioni 300 tu kisha mwanzo, na nyota zake zina masi ya Jua milioni mamia kadhaa. Ni kidogo mbele ya miliari 50 zetu, lakini kwa wakati ule ni mwendo wa kushangaza, na bado wanatafuta sababu.

Na kesho ya galaksi yetu? Andromeda inakuja kwetu kwa kilometa karibu 110 kila segonde. Katika mwaka wa 2012 walitangaza kwamba zitagongana kisha miaka miliari 4. Katika mwaka wa 2025 wengine walifanya hesabu tena, wakaingiza uzito wa galaksi zingine za karibu, wakakuta kwamba katika miaka miliari 10 ijayo nafasi ya kugongana ni karibu nusu kwa nusu. Ile ambayo ni karibu hakika ni ndogo: Wingu Kubwa la Magellan, lililo mbali miaka ya nuru 160 000, litamezwa na Njia ya Maziwa. Mutaliona kwa macho yenu. Mwisho wa mwezi wa 9, mbele ya kengele ya kuamka, kama mbingu ni safi na mwezi hauko, tazameni kusini, chini kidogo: ni kama moshi mweupe usiosogea. Andromeda nayo inaonekana upande wa kaskazini katika jioni za mwezi wa 11, lakini kwa shida, na mvua za mwezi ule munazijua.

ZOEZI. Katika fasi iliyo mbali na kitovu miaka ya nuru 50 000, mwendo wa kuzunguka bado ni karibu kilometa 220 kila segonde. Tafuta masi iliyo ndani ya njia ile. Kiisha useme: kama masi yote ingekuwa ndani ya njia ya Jua, mwendo kule ungekuwa ngapi? Karatasi zitiwe katika sanduku karibu na mlango wa maktaba mbele ya Ijumaa. Darasa la pili waruhusiwe kusaidiwa na wakubwa wao kwa G, lakini si kwa jibu. Majibu yatatoka katika kigazeti kijacho.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la mwisho, Hesabu na Fizika